Kuchagua rejeta ya nyumbani: anza na joto la maji, wati zifuate

Kwa wengi wetu rejeta ni ya gari, na kazi yake ni kupoza injini. Ukihamia Uingereza unakutana na ya aina nyingine: bati jeupe lililoshikizwa ukutani chini ya dirisha, na kazi yake ni kupasha chumba. Boila ya gesi inapasha maji, pampu inayasukuma kwenye mabomba ya shaba, yanapita ndani ya rejeta na kuacha joto lake, kisha yanarudi kwenye boila kuchukua jingine. Nyumba nyingi za huko zinaishi kwa mfumo huu, kuanzia zile za matofali zilizoshikana mstari mzima mtaani hadi maghorofa ya juzi.

Siku ya kununua rejeta mpya, watu wengi huuliza mambo mawili: itaenea ukutani, na inatoa wati ngapi? Swali la pili ndilo linalowaponza. Wati zilizoandikwa kwenye boksi zimepimwa kwa kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 442, ambacho kinasema maji yaingie yakiwa nyuzi 75, yatoke yakiwa 65, na chumba kiwe nyuzi 20. Wastani wa maji hapo ni 70, kwa hiyo tofauti yake na chumba ni 50. Ndiyo maana karatasi ya bidhaa huandikwa ΔT50. Maji ya nyumbani kwako yakiwa na joto la chini ya hapo, rejeta ileile inatoa joto pungufu, tena pungufu sana. Tofauti ikiwa 40, unapata kama asilimia 75 ya namba ya kwenye boksi. Ikiwa 30, asilimia 51.5 hivi. Ikiwa 20, asilimia 30 tu.

Kuna wauzaji wanaoandika namba ya ΔT60, ambayo ni kubwa kuliko ya ΔT50 kwa zaidi ya robo. Bati ni lilelile, kilichobadilika ni namba. Ukilinganisha rejeta mbili, hakikisha kwanza zote zimepimwa kwa ΔT moja. Na ukikuta BTU, kipimo kingine cha joto, badala ya wati, gawanya kwa 3.412.

Kwa nini tunalisisitiza hili? Kwa sababu maji ya nyuzi 75 yanazidi kuachwa. Boila za kisasa huokoa gesi kwa kuvuna joto lililomo kwenye mvuke wa moshi wake, na hazifanyi hivyo vizuri mpaka maji yanayorudi yawe chini ya nyuzi 55 hivi. Pampu ya joto, ile mashine ya nje yenye feni ambayo serikali inaichangia pauni 7,500 huko England na Wales tangu Oktoba 2023, hupenda maji ya nyuzi 35 hadi 50. Na tangu Juni 2022, kanuni za ujenzi za England zinataka mfumo unaofungwa upya wote, yaani boila, mabomba na rejeta, upangwe kufanya kazi kwa maji yasiyozidi nyuzi 55. Rejeta inaweza kukaa ukutani miaka 20 au zaidi. Ukinunua leo kwa hesabu ya ΔT50, kuna uwezekano mkubwa ukainunua tena siku boila itakapokufa. Ushauri wetu ni mmoja: piga hesabu kwa ΔT30, hata kama leo bado una boila ya gesi.

Chumba kinapoteza wati ngapi?

Tovuti za maduka zina vikokotoo vinavyouliza urefu na upana wa chumba, halafu vinakupa namba. Si vibaya kwa kuanzia, lakini vingi havijui ukuta wako ni wa aina gani, na ukuta ndio unaokula joto. Hesabu yenyewe si ngumu, kalamu na karatasi vinatosha.

Tuchukue sebule ya mita 4 kwa 4.5, dari mita 2.4, katika nyumba ya zamani ya matofali matupu, yaani ukuta mmoja mnene usio na uwazi katikati. Kuta mbili zinatazama nje. Tunataka nyuzi 21 ndani wakati nje ni −3, kwa hiyo tofauti ni 24.

Kuta mbili za nje ni mita 8.5 kwa 2.4, sawa na mita za mraba 20.4. Toa dirisha la mita za mraba 2.4, unabaki na 18. Ukuta wa matofali matupu hupitisha kama wati 2.1 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja. Kwa hiyo 18 × 2.1 × 24 ni wati 907. Dirisha la vioo viwili vya zamani hupitisha 2.8: linapoteza wati 161. Sakafu ya mbao isiyo na kinga ya kuzuia joto lisitoroke, tukiipa 0.7, inapoteza 302. Hewa inayoingia na kutoka kwenye nyufa ina fomula yake: 0.33 × ujazo wa chumba × mara ambazo hewa hubadilika kwa saa × tofauti ya joto. Chumba kina mita za ujazo 43.2, na tukisema hewa hubadilika mara moja kwa saa, tunapata 342. Juu kuna chumba kingine chenye joto, kwa hiyo dari haihesabiwi. Jumla: wati 1,712.

Kwa maji ya zamani ya ΔT50, rejeta moja ya paneli mbili yenye kimo cha milimita 600 na urefu wa 1,000 ingeiweza kazi hiyo, kwa shida. Kwa ΔT30, gawanya 1,712 kwa 0.515: unahitaji rejeta yenye wati 3,324 kwenye boksi. Karibu mara mbili!

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Weka ukuta wenye uwazi katikati uliojazwa kinga, unaopitisha 0.55. Kuta zinashuka kutoka wati 907 hadi 238, chumba kizima kinahitaji 1,043, na rejeta ya kwenye boksi inakuwa ya wati 2,025. Ukiwa na uwezo wa kuziba nyufa, kuweka kinga darini au kujaza ukuta wenye uwazi, fanya hayo kwanza, kisha ndipo upime rejeta. Ukianza na rejeta utanunua bati kubwa la kupasha hewa ya mtaani.

Namba 11, 21, 22, 33

Rejeta za bati ndizo nyingi na ndizo rahisi, na majina yake yanasomeka ukishajua siri. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya paneli zenye maji. Ya pili ni idadi ya mabati yenye mikunjo yaliyochomelewa nyuma ya paneli ili hewa ipande katikati yake. Kwa hiyo 11 ni paneli moja na bati moja la mikunjo, 21 ni paneli mbili zinazogawana bati moja, 22 ni mbili kwa mbili, 33 ni tatu kwa tatu. Wengine huandika K1, P+, K2 na K3 kwa mpangilio huohuo. Chungulia kwa juu kupitia matundu ya kifuniko utaiona mikunjo yenyewe, kama bati la paa lililokunjwa kwa karibu karibu.

Kwa ukubwa wa 600 kwa 1,000, na kwa ΔT50, aina ya 11 hutoa kama wati 1,000, ya 21 kama 1,350, ya 22 kama 1,700 na ya 33 kama 2,400. Unene nao unapanda: 11 ina unene wa kama sentimita 6, 22 kama 10, 33 kama 16. Namba kamili hutofautiana kidogo kati ya watengenezaji, soma karatasi ya ile unayoinunua.

Hapa ndipo penye njia nzuri ya kuokoa pesa. Ukiwa na rejeta ya 11 isiyotosha, tafuta ya 22 yenye kimo na urefu uleule. Mabomba yanabaki palepale, sakafu haifunguliwi, na joto linaongezeka kwa kama asilimia 70. Jambo moja tu la kuangalia: kwa kuwa 22 ni nene, tundu lake la kuingizia maji huwa mbali zaidi na ukuta. Kama mabomba yako yanachomoza sakafuni, pima kutoka ukutani hadi katikati ya bomba, kisha linganisha na mchoro wa rejeta mpya. Breketi nyingi zinageuzika na kutoa nafasi mbili tofauti, na tofauti ya milimita chache bomba lenyewe litaivumilia. Tofauti ya sentimita mbili haitavumilika, bomba litalazimika kuchezewa.

Ukipima urefu, kumbuka valvu. Kila upande valvu hula sentimita 4 hadi 5. Nafasi ya mita moja kati ya bomba na bomba si nafasi ya rejeta ya mita moja.

Kwa ile sebule yetu ya wati 3,324, chaguo ni 33 ya urefu wa 1,400, au 22 mbili za 1,000 kila moja. Sisi tungechukua mbili na kuzitenga, moja chini ya dirisha na nyingine ukuta wa pili wa nje, kwa sababu joto linatawanyika vizuri na chumba hakiwi na kona ya baridi. Chini ya dirisha si mapambo: hewa inayopoa kwenye kioo hushuka kama maji na kukupiga miguuni, na hewa moto ya rejeta huizuia. Acha sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni, na angalau 5 chini ya kingo ya dirisha. Pazia liishie kwenye kingo. Pazia refu linaloifunika rejeta linatuma joto lote kwenye kioo.

Chuma cha kusubu, zile rejeta nzito zenye nguzo nguzo, ni nzuri kwa nyumba yenye watu mchana kutwa: huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa. Mtu anayerudi kazini saa moja jioni na kulala saa nne zitamchosha, kwa maana zinapata moto wakati yeye anazima. Tena angalia sakafu ya mbao kabla ya kuweka mzigo huo. Alumini ni kinyume chake: nyepesi, maji kidogo, inapata moto haraka. Inahitaji dawa ya kuzuia kutu inayotaja alumini kwenye chupa, kwa sababu maji yenye alkali nyingi huila.

Bafuni watu hununua reli ya taulo ya kromi kwa kuwa inang'aa. Kromi hutoa joto pungufu kuliko reli ileile iliyopakwa rangi nyeupe, na taulo mbichi zikishaning'inia juu yake inazidi kupungua. Bafu yenye ukuta wa nje mara nyingi haitoshelezwi na reli peke yake.

Kama nyumba ni ya kupanga

Wengi hawana ruhusa ya kugusa mabomba, na jibu lao ni rejeta ya umeme ya mafuta, ile yenye magurudumu. Mafuta yamo ndani moja kwa moja, hayabadilishwi. Ijue gharama yake kabla hujaiwasha: ya kilowati 2 ikifanya kazi mfululizo saa 4 imekula yuniti 8. Kwa miaka ya karibuni yuniti ya umeme Uingereza imekuwa ikiuzwa kama mara nne ya yuniti ya gesi.

Na hapa tunaomba usidanganywe na matangazo. Hita ya umeme ya mafuta, ya feni, ya seramiki au ya miale, kila moja hugeuza karibu umeme wote kuwa joto. Hakuna ya kilowati 2 inayopasha chumba kizima kwa nusu ya bei ya mwenzake. Zinachotofautiana ni namna ya kufikisha joto: ya mafuta ni tulivu na hufaa usiku kucha chumbani, ya feni hufaa dakika kumi, ya miale hukupasha wewe uliyekaa mbele yake na si chumba. Chagua yenye themostati na saa ya kujizima. Ichomeke kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni. Plagi ikiwa moto mkononi, ichomoe na usiitumie soketi hiyo mpaka fundi umeme aione.

Kanga na nguo za watoto zisianikwe juu ya rejeta yoyote. Kwenye ya umeme ni hatari ya moto. Kwenye ya maji unazuia hewa kupanda, na maji yote ya nguo yanaingia hewani, yanatua kwenye kona ya ukuta baridi, na baada ya wiki chache unaona madoa meusi ya kuvu nyuma ya kabati. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata dakika moja. Nyumba hizi zimezibwa, na gesi ya mkaa huua watu usingizini.

Kuifunga

Kazi ya boila yenyewe ni ya fundi aliye kwenye sajili ya mafundi wa gesi iitwayo Gas Safe, hilo ni sheria. Rejeta na maji yake unaweza kuzifunga mwenyewe ukiwa na spana mbili, ufunguo wa kutolea hewa, beseni bapa na mataulo ya zamani. Mataulo yawe ya kutupa: maji ya rejeta nzee ni meusi kama wino, na doa lake kwenye zulia halitoki.

Zima mfumo, subiri upoe. Valvu yenye namba 1 hadi 5 ni ya themostati. Usiridhike na kuizungusha hadi kwenye alama ya nyota, kwa sababu hiyo ni ya kuzuia barafu: chumba kikipoa sana usiku, valvu inafunguka yenyewe na maji yanamwagika sakafuni. Vua kichwa chake, ufunge kile kifuniko cha plastiki kinachokuja nayo. Upande wa pili kuna valvu yenye kofia isiyozunguka. Vua kofia, funga kwa spana, na uhesabu umezungusha mara ngapi. Andika namba hiyo.

Legeza nati ya upande mmoja huku spana ya pili imeshika mwili wa valvu. Usipoushika, unapinda bomba la shaba, na utauona uvujaji chini ya sakafu wiki ijayo. Fungua tundu la hewa juu ili maji yashuke. Rejeta ya 22 ya mita moja ina lita 5 au 6, na tupu ina uzito wa kama kilo 30, kwa hiyo iinueni wawili.

Mpya ina vizibo viwili vya juu, kimoja kina tundu la hewa. Kiweke upande ambao ufunguo utafika. Kwenye nyuzi za skrubu za viunganishi vya chini zungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba mara 10 hadi 15, kufuata mwelekeo wa mshale wa saa ukiitazama ncha. Ukizungusha kinyume, tepu inakunjuka unapokaza, na hapo ndipo matone huanzia. Breketi kwenye tofali zinahitaji fisha nzuri na skrubu nene. Kwenye ukuta wa jipsamu tafuta nguzo za mbao zilizo nyuma yake au weka ubao, kwa maana kuna siku mtoto ataikalia.

Fungua valvu zote mbili, jaza maji hadi geji ya presha ya boila isome kati ya baa 1 na 1.5, kisha funga kabisa bomba la kujazia. Likiachwa wazi, presha inapanda hadi 3, valvu ya usalama inamwaga nje, na ikishafunguka mara moja huenda isizibe tena vizuri. Toa hewa kwa ufunguo, kitambaa kikiwa chini yake, mpaka mlio wa hewa ukate na maji yatoke mfululizo. Rudi utazame geji, kwa sababu kila hewa inayotoka inashusha presha. Ongeza dawa ya kuzuia kutu kufidia maji uliyomwaga. Dawa hii ndiyo inayorukwa kila mara, na kutu ikianza huwa tope jeusi la sumaku linalokaa chini ya paneli. Ukigusa rejeta ikawa moto juu na baridi chini katikati, ni tope. Ikiwa baridi juu na moto chini, ni hewa tu.

Sasa rudisha ile valvu ya kofia kwa namba uliyoandika, lakini ujue haitakuwa sahihi kabisa kwa rejeta kubwa zaidi. Maji hupenda njia fupi: rejeta iliyo karibu na boila hunywa yote, ya mbali inabaki vuguvugu. Tumia vipimajoto viwili vya kubana kwenye bomba, kimoja linapoingia maji na kingine linapotoka. Kwa boila iliyowekwa joto la chini tafuta tofauti ya nyuzi 10 hadi 20, kwa pampu ya joto 5 hadi 7. Tofauti hiyo ndogo ndiyo sababu pampu ya joto huhitaji maji mengi: wati 1,700 kwa tofauti ya 20 ni lita 1.2 kwa dakika, kwa tofauti ya 5 ni karibu lita 5, na vibomba vyembamba vya milimita 8 vinaweza kushindwa kuzipitisha. Tofauti ikiwa ndogo mno, funga valvu robo mzunguko, subiri dakika 10, pima tena. Anza na rejeta ya karibu na boila, malizia ya mbali, kisha rudisha kofia.